Sir William Perkin: Mwanafunzi aliyetafuta kwinini akapata rangi ya zambarau

SANGE, KIVU KUSINI – Wakati wa likizo ya Pasaka ya mwaka 1856, kijana wa miaka 18 alijifungia katika chumba kidogo cha juu nyumbani kwao, mashariki mwa London. Alitaka kutengeneza kwinini kwa mikono yake, dawa ambayo dunia nzima iliitegemea kutibu malaria. Alishindwa. Kilichobaki kwenye chupa yake kilikuwa masimbi meusi ambayo mwanafunzi mwingine angeyamwaga na kuosha chombo.

Kijana huyo aliitwa William Henry Perkin. Amekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini habari yake haiko mbali na maisha ya Sange, mji ulio kwenye joto la bonde la Ruzizi, kando ya barabara ya kutoka Uvira kwenda Bukavu. Ni habari ya malaria, ugonjwa ambao hakuna familia ya bonde hilo isiyoujua. Ni habari ya kwinini, dawa inayotokana na miti iliyopandwa kwenye milima ya Kivu. Tena ni habari ya somo moja gumu linalowasubiri vijana wa Sange wanaopita Luvungi na Kamanyola, wakapanda milima kwenda kusoma katika vyuo vikuu vya Bukavu.

Somo hilo ni kemia ogani, yaani kemia ya kaboni. Anayesomea udaktari, dawa, kilimo au ualimu wa sayansi hukutana nalo mapema, na wengi huliogopa kuliko mengine. Ubao hujaa mistari, pembe sita na majina marefu, na mwanafunzi hujiuliza ni kipi cha kukariri na ni kipi cha kuelewa. Perkin alilisoma somo hilo wakati hata walimu wake walikuwa hawajaelewa nusu ya yale yanayofundishwa leo katika wiki za kwanza.

Mtoto wa fundi seremala

Perkin alizaliwa tarehe 12 Machi 1838 katika mtaa wa Shadwell, karibu na bandari ya London. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake, George Perkin, alikuwa fundi seremala aliyefanikiwa katika kazi ya ujenzi, na alitamani mwanawe awe msanifu wa majengo.

Mambo yalibadilika mtoto huyo alipokaribia umri wa miaka 13. Rafiki yake mmoja alimwonyesha jinsi fuwele zinavyojitokeza katika maji yaliyoyeyushwa chumvi fulani. Kuona vitu vikijipanga vyenyewe kwa umbo lilelile kila mara kulimshika moyo. Tangu siku hiyo akaanza kukusanya chupa.

Katika shule ya City of London, kemia haikuwa na nafasi kwenye ratiba ya kawaida. Mwalimu Thomas Hall aliifundisha wakati wa mapumziko ya mchana. Perkin mara nyingi aliacha chakula ili amsaidie mwalimu kuandaa majaribio. Hall ndiye aliyezungumza na baba wa kijana hadi akakubali kumwachia mwanawe afuate alichokipenda.

Mwaka 1853, akiwa na miaka 15 tu, Perkin alijiunga na Chuo cha Kifalme cha Kemia mjini London. Mkuu wa mafunzo alikuwa Mjerumani, August Wilhelm Hofmann, mmoja wa mabingwa wa kemia ya kaboni wa zama hizo. Hofmann alikuwa akipita meza kwa meza, akitazama kazi ya kila mwanafunzi. Kabla Perkin hajatimiza miaka 18, tayari alikuwa msaidizi wake.

Utafiti wa kwanza aliopewa ulihusu anthrasini, kitu kinachopatikana katika lami ya makaa ya mawe. Haukumpa jibu alilotarajiwa kulipata. Hata hivyo kijana alijifunza tabia za kitu hicho, na miaka 13 baadaye elimu hiyo ilikuja kumfaa kwa namna ambayo yeye wala mwalimu wake hawakuitazamia.

Hesabu sahihi, dawa haikupatikana

Wakati huo kwinini ilikuwa na thamani kubwa. Ilitoka katika magome ya mti wa kinkina, mti wa asili ya milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Mwaka 1820, wanakemia wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga dawa yenyewe kutoka kwenye magome. Lakini miti ilikuwa michache, safari ilikuwa ndefu, na mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yakitawala nchi za joto yaliihitaji kwa wingi.

Hofmann aliwahi kueleza kwamba ingekuwa jambo kubwa kama kwinini ingeweza kutengenezwa maabara, pasipo mti. Perkin alilichukua wazo hilo. Mwalimu wake alipokwenda Ujerumani wakati wa likizo, mwanafunzi akaenda kulijaribu nyumbani.

Njia yake ilikuwa ya hesabu. Ilijulikana kwamba molekuli ya kwinini ina atomu 20 za kaboni, 24 za hidrojeni, 2 za naitrojeni na 2 za oksijeni. Perkin alikuwa na kitu kingine kutoka katika jamii ya lami, alilitoluidini, chenye atomu 10 za kaboni, 13 za hidrojeni na 1 ya naitrojeni. Akachukua molekuli mbili za kitu hicho, akaongeza oksijeni, akaondoa maji. Kwenye karatasi, jumla ilikuwa kwinini kamili, bila atomu moja kupungua wala kuzidi.

Kwenye chupa hali ilikuwa tofauti. Alipata unga mchafu wa rangi ya hudhurungi iliyoelekea wekundu, usio na uhusiano wowote na dawa.

Kosa lake ndilo somo la kwanza la kemia ya kaboni leo. Kuhesabu atomu hakutoshi. Ni lazima kujua zimeshikana vipi. Herufi nne za neno lima ni zilezile za neno mali, na ni zilezile za neno mila. Hakuna herufi iliyoongezwa wala kupunguzwa, lakini hakuna anayeweza kula mila wala kutunza mali yake kwa kubadilisha herufi. Molekuli ziko hivyohivyo: atomu zilezile zikipangwa vingine, dawa inaweza kuwa uchafu au sumu.

Perkin hakuwa na njia ya kulijua hilo. Ilikuwa hadi mwaka 1858 ambapo Mjerumani August Kekulé alieleza jinsi kaboni inavyoshika mikono minne na kuungana katika minyororo, na mwaka 1865 akapendekeza umbo la duara la benzeni, ile pembe sita ambayo kila mwanafunzi wa Bukavu huichora. Ramani kamili ya molekuli ya kwinini haikupatikana hadi karne ya 20. Kijana wa Shadwell alikuwa akijenga nyumba ambayo mchoro wake haujachorwa.

Masimbi meusi

Wengi wangeishia hapo. Perkin alitaka kujua kwa nini matokeo yalikuwa vile, akaamua kurudia jaribio kwa kitu chepesi zaidi. Alichagua anilini, pia ya jamii ya lami, akaichanganya na potasiamu daikromati. Safari hii alipata masimbi meusi kabisa.

Aliyakausha na kuanza kuyachunguza. Alipotia spiriti, kioevu kikageuka rangi ya zambarau yenye kung'aa. Akachovya kipande cha hariri, nacho kikashika rangi. Akakifua kwa sabuni na kukianika juani, lakini rangi haikutoka.

Bahati ilikuwapo ndani yake. Anilini aliyotumia haikuwa safi. Ilikuwa imechanganyika na toluidini, na bila mchanganyiko huo rangi ile isingetokea. Lakini bahati peke yake isingemsaidia mtu asiyekuwa na mazoea ya kuosha, kuchuja na kuyeyusha mabaki kabla ya kuyatupa. Mazoea hayo aliyapata kwenye meza za Hofmann.

Katika miaka hiyo, rangi za nguo zilitoka kwenye mimea, wadudu na konokono wa baharini. Zambarau ilikuwa ghali kuliko nyingi. Tangu enzi za Warumi ilikuwa vazi la wafalme, kwa sababu konokono maelfu walihitajika kupata rangi kidogo tu. Sasa kijana alikuwa ameipata kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe, uchafu uliobaki katika viwanda vya gesi ya taa ambao hakuna aliyejua pa kuupeleka.

Perkin alituma sampuli kwa kampuni ya Pullar ya mjini Perth, Scotland, iliyokuwa ikitia nguo rangi. Jibu lilimtia moyo: kama haitafanya nguo kuwa ghali mno, rangi hiyo ilikuwa na thamani kubwa. Tarehe 26 Agosti 1856 akaandikisha hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi. Alikuwa na miaka 18.

Akiba ya baba

Ugumu ulianza hapo. Ili atengeneze rangi kwa wingi, alipaswa kuacha masomo. Hofmann hakufurahi. Aliona mwanafunzi wake bora anaacha utafiti kwa ajili ya biashara ambayo mwisho wake haukujulikana. Perkin mwenyewe aliogopa kwamba akiingia kiwandani hatarudi tena kwenye sayansi, akajiwekea ahadi kwamba utafiti hatauacha.

Aliyefanya uamuzi kuwa mgumu zaidi, na wakati huohuo kuwezekana, alikuwa baba yake. Mzee George, ambaye awali hakutaka mwanawe asome kemia, alitoa karibu akiba yake yote ya maisha kujenga kiwanda. Kaka yake, Thomas, akaacha kazi ya ujenzi na kuingia naye. Kama rangi ingekataa, familia nzima ingebaki mikono mitupu.

Kiwanda kilianza kujengwa Juni 1857 huko Greenford Green, magharibi mwa London, kando ya mfereji wa maji uliotumika kusafirisha mizigo. Hakuna kati yao aliyewahi kuendesha kiwanda cha kemia. Anilini haikuuzwa kwa wingi popote, hivyo iliwabidi waitengeneze wenyewe kutoka kwenye benzeni, na mitambo ya kazi hiyo waliibuni wao. Miezi sita baadaye rangi yao ilikuwa imewafikia watia rangi wa hariri wa London.

Kazi yenyewe ilikuwa ya hatari. Mwanafunzi mwingine wa Hofmann, Charles Mansfield, ndiye aliyeonyesha namna ya kutenga benzeni kutoka kwenye lami. Mwaka 1855 mtambo wake ulifurika wakati akitayarisha sampuli, mvuke ukashika moto, naye akafa kwa majeraha. Perkin aliijua hatari hiyo alipowasha mitambo yake.

Watu wa Sange hawahitaji kufundishwa jinsi mvuke wa vimiminika hivyo unavyowaka. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka katikati ya mji wao, mafuta yakamwagika na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 200 walifariki. Petroli ni mchanganyiko wa molekuli za kaboni na hidrojeni, zilezile zinazofungua kurasa za kwanza za kitabu cha kemia ogani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini bila kuonekana, na cheche moja iliyo mbali inatosha. Kwa mwanafunzi anayetoka Sange, sura hiyo si nadharia.

Rangi ya malkia

Rangi ya Perkin iliitwa mauve, jina la Kifaransa la ua moja la zambarau. Waswahili nao waliita rangi hiyo kwa jina la tunda.

Mambo mawili yaliisaidia. Huko Ufaransa, Malkia Eugénie alipenda mavazi ya rangi za jamii hiyo, na Januari 1858 Malkia Victoria wa Uingereza alivaa mauve kwenye harusi ya binti yake mkubwa. Wanawake wa London na Paris wakaifuata. Perkin naye hakukaa ofisini akisubiri wateja. Alizunguka kwa watia rangi akiwafundisha jinsi ya kuifanya rangi ishike kwenye pamba kwa kutumia tanini, kwa kuwa pamba, tofauti na hariri, ilikuwa ikiikataa.

Alipofika miaka 21 alikuwa mtu mwenye mali na jina. Mwaka huohuo, 1859, alimwoa Jemima Lissett, lakini mkewe alifariki mwaka 1862. Baadaye alimwoa Alexandrine Mollwo. Wanawe watatu wote walikuja kuwa wanakemia.

Ahadi yake ya kutoacha utafiti aliitimiza. Mwaka 1866 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya sayansi. Miaka miwili baadaye alitengeneza kumarini, kitu chenye harufu tamu kinachopatikana kwenye mimea, na njia aliyoitumia bado inafundishwa vyuoni kwa jina lake: mmenyuko wa Perkin.

Ushindi na walioumia

Mwaka 1868 Wajerumani wawili, Graebe na Liebermann, walitengeneza alizarini, rangi nyekundu iliyokuwa ikitoka kwenye mizizi ya mmea uliolimwa sana Ulaya na Mashariki ya Kati. Malighafi yao ilikuwa anthrasini. Perkin aliikumbuka, kwa kuwa ndiyo iliyompa tabu katika utafiti wake wa kwanza. Akabuni njia nafuu ya kuitengeneza, na Juni 1869 akaomba hataza siku moja tu baada ya Wajerumani hao na mwenzao Caro kuomba yao. Pande mbili zikagawana soko. Mwaka 1869 kiwanda cha Greenford kilitoa tani 1 ya alizarini. Mwaka 1870 kilitoa tani 40, na mwaka 1871 tani 220.

Kwa wakulima wa mmea ule, idadi hizo zilikuwa hukumu. Katika miaka michache bei ilianguka na mashamba yakatelekezwa. Mwishoni mwa karne, zamu ilikuwa ya wakulima wa nili wa India, baada ya viwanda vya Ujerumani kuanza kuuza nili ya maabara mwaka 1897. Ugunduzi uliovalisha maskini nguo za rangi ulikausha pia riziki ya maskini wengine.

Perkin aliuza kiwanda mwaka 1874, akiwa na miaka 36, akarudi maabara kwa maisha yake yote yaliyobaki. Hofmann alikuwa amekwisha kurejea Ujerumani, na nchi hiyo, iliyojaza viwanda vyake wanakemia waliosoma vyuo vikuu, ikaipita Uingereza kwa mbali. Mwaka 1906, miaka 50 tangu rangi ya mauve ipatikane, wanasayansi wa nchi nyingi walikusanyika London kumheshimu, naye akapewa cheo cha Sir. Alifariki tarehe 14 Julai 1907 akiwa na miaka 69.

Kutoka rangi hadi dawa

Hakuishi kuona safari ya rangi ikirudi pale ilipoanzia, kwenye malaria. Viwanda vilivyozaliwa na biashara ya rangi viliwapa madaktari mamia ya vitu vipya vya kujaribu. Mjerumani Paul Ehrlich aliona kwamba baadhi ya rangi hushika vijidudu na kuacha sehemu nyingine. Mwaka 1891, yeye na mwenzake Guttmann waliwatibu wagonjwa wawili wa malaria kwa rangi iitwayo bluu ya methilini. Wanakemia wa kampuni ya Bayer wakaibadilisha molekuli hiyo hatua kwa hatua hadi wakapata dawa mpya katika miaka ya 1920, na mwaka 1934 ikapatikana klorokwini, kidonge ambacho wazazi wa Kivu walikitegemea kwa miongo mingi kabla vimelea havijakizoea.

Kwinini yenyewe iliendelea kuukaidi mkono wa mwanadamu. Mwaka 1942 Japani iliiteka kisiwa cha Java, kilichokuwa kikitoa sehemu kubwa ya magome ya dunia, na mashamba ya kinkina ambayo Wabelgiji walikuwa wamepanda kwenye milima ya Kivu yakapata umuhimu mpya. Miaka miwili baadaye, Wamarekani Woodward na Doering walitangaza kupata njia ya maabara, ndefu mno na ghali mno kwa kiwanda. Mpaka leo kwinini inayouzwa hutoka kwenye gome la mti, na mjini Bukavu kiwanda cha Pharmakina kimejulikana kwa kazi hiyo kwa miongo mingi. Jaribio la Pasaka ya 1856 bado halijalipa kwa njia ambayo Perkin aliitaka.

Limelipa kwa njia nyingine. Mtoto mwenye homa anapopelekwa kituo cha afya, tone la damu yake huwekwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa, mojawapo ya rangi zilizotokana na viwanda hivyo, kisha huwekwa chini ya darubini. Kama kimelea cha malaria kimo, kiini chake huonekana kwa rangi nyekundu inayoelekea zambarau.